Kabla Hujafyatua

Kwako Mjomba, mwindaji wetu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mitihani imekwisha, na paa la bweni lingali linavuja palepale juu ya kitanda changu.

Tangu mdahalo ule wa kijiji hupokei simu zangu, ndiyo maana naandika. Niliuliza ukumbini: ni sheria gani inayomhukumu paka kifo kwa kosa la kutembea? Ukanijibu, "Mpwa wangu, paka wamewamaliza kware! Wewe tetea paka, mie nitetee kware." Watu wakakushangilia, na kibali cha kuwapiga risasi paka na mbwa wanaozurura vichakani kikapita.

Jibu nilikuwa nalo, Mjomba, ila lingekuvunjia heshima. Asubuhi ile nilikuona ukimimina chai kando ya kikombe, kisha ukaisingizia meza kuwa imepinda. Macho yako yanakuacha, nawe unaficha.

Sasa paka wa Bibi amezaa vichakani. Kila alfajiri Bibi huingia huko na shali lake la kahawia, akitambaa kwenye nyasi ndefu, akimwita kwa sauti ya chini asimtishe. Nimemkataza kwa simu, akacheka: "Mwindaji si mwanangu? Atanijua hata gizani."

Simu ikilia kutoka nyumbani, naogopa kuipokea.

Weka bunduki chini, Mjomba. Ikikushinda, basi nyasi zikitikisika, kabla hujafyatua, ita "Mama!", kisha usubiri kama ataitika.

Mpwa wako,
Kipaza Sauti, kama unavyoniita