Majani ya Mbuzi wa Akika

Likoni, 4 Mei 2024

Kwa mwanangu Boga,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mkeo Ummi yuko nami kwenye arobaini yake, na mjukuu wangu Nadira ananyonya mpaka anasahau kupumua. Mbuzi wa akika yake anayapenda mno majani yako.

Hassan anayetubebea barua, aliyeleta gunia lako la majani, ameniambia jambo lililonikalisha chini. Eti kazi yako huko Bamburi ni kuwapiga sindano pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, wasizae? Wallahi nimeduwaa. Mola amekupa mtoto juzi tu, nawe unafunga matumbo ya viumbe vyake? Iache kazi hiyo.

Mamako

Bamburi, 7 Mei

Mama, shikamoo. Afya yako je? Usinikasirikie. Pofu wetu wamezungushiwa ua kwenye machimbo ya zamani, hakuna simba wa kuwapunguza. Wakijaa, kupe nao hujaa, na kupe hao huwapa watu homa. Mwaka jana mwenzetu Kaingu nusura afe. Sindano haiwadhuru, inawapumzisha kuzaa tu. Ni watu tunaowalinda, Mama.

Nimeongeza gunia jingine. Mbuzi anenepe.

Mwanao Boga

Likoni, 19 Mei

Mwanangu, salaam. Nimekuelewa, ingawa roho haijatulia vizuri. Ummi na mtoto wazima, ila mimi sijambo kidogo tu. Kichwa kinapasuka, mwili moto. Nimepimwa malaria, hakuna. Pajani nina kidonda cheusi, wala hakiumi. Labda nilichomwa na kijiti, maana gunia lako la majani ndilo kiti changu nikimwogesha Nadira.

Mamako

Bamburi, 20 Mei

Mama, salamu zitangoja. Kidonda hicho nakijua, Kaingu alikuwa nacho vilevile. Ni kupe. Majani nayakata palepale wanapolala pofu. Mwili wangu naukagua kila nitokapo kazini, gunia sikulikagua hata mara moja. Simu ya Ummi haipatikani. Nenda hospitali sasa hivi, uwaambie ni kupe. Magunia yachomeni. Mtoto mkagueni kila mahali.

Boga

Likoni, 20 Mei

Boga, Hassan amesimama mlangoni anangoja nimalize. Hospitali tunakwenda sote. Mtoto tumemvua nguo zote, tukamkuta na kupe nyuma ya sikio, ameshiba, kama punje ya kunde. Ummi alidhani ni kipele cha joto, kila nikimaliza kumwogesha yeye humpaka poda.

Homa hana bado. Vuka feri uje. Majani usilete.

Mamako