Sanda ya Dada Sikuinunua

Al-Hamra, Jidda
Ijumaa, baada ya sala

Kwako mdogo wangu Bakari,

Asalaam aleikum. Salamu hiyo nakupa kwa kuwa ni sunna, ingekuwa hiari yangu ningekunyima. Kuijibu ni wajibu, kwa hiyo ijibu hata kama meno umeyauma. Shemeji hajambo? Watoto hawajambo? Kuku nao? Wewe hali yako siulizi. Nasikia unakula vizuri na mchana unalala.

Naandika kwa mkono wangu, na mwandiko wangu unaujua, chuoni nilimkimbia mwalimu kabla hajanifundisha kunyoosha mstari. Lakini simu umezima. Nilipokutumia sauti ulisema kaka anapiga kelele. Basi karatasi haina pa kuizima, na huyu anayekuletea ni mtu wa hapo hapo Tanga, nimemwambia asiondoke mpaka umalize kusoma. Mpe chai, yeye hana kosa.

Nianze na lile la sokoni Sharafiya, ili shemeji naye asikie, maana najua hukumsimulia. Uliniletea ujumbe: "Kaka, ukipata mtu anakuja huku, mpe sanda ya dada Mwanaidi, iwe imefuliwa kwa zamzam." Mie nikafurahi kama mjinga. Si kila mzee wa kwetu huagiza sanda yake ya Makka akiwa mzima, akaiweka kabatini na udi, wageni wakija anaitoa kama nguo ya harusi? Ya mama ilikaa miaka, kila Ramadhani ikiisha anaianika uani na hakuna aliyeshtuka. Nikasema, dada naye kafika rika la kujidai. Nikaenda kwa Mhadhrami mmoja muuza vitambaa pale Sharafiya, ananijua. Pale wote wananijua, hata paka.

Akaniuliza, "Ya mwanamke? Vipande vitano hivyo. Mrefu? Mnene?"

Nikamwambia, "Dada yangu mlangoni anapita ubavu. Shusha jora zima."

Akacheka, akasema bora tuulize kwao, asije akalala miguu iko nje. Ndio nikakupigia. Unakumbuka ulichonijibu, Bakari? "Kaka, mwambie akate ya mtu mwembamba. Amekwisha yule."

Mkasi ulishakaa kwenye kitambaa. Nikaushika mkono wa yule mzee pamoja na mkasi wake. Nikakuuliza, amekwishaje? Ndio ukaanza kumung'unya. Ana uvimbe kwenye ziwa. Daktari wa hapo kasema saratani, kasema mpelekeni Dar wakautoe. Na nyinyi wanaume wanne mkakaa barazani, mkanywa kahawa yenu, mkaamua mtu wa miaka sabini na kitu hapelekwi kwenye visu, aachwe apumzike. Na asiambiwe, hofu itamuua. Mnampaka asali na habbasoda, mnamwambia ni jipu. Simu yake mmeichukua asisumbuliwe. Mwenye ziwa hakuitwa kwenye kikao cha ziwa lake!

Kitambaa nikakiacha mezani. Mhadhrami akaniambia, "Ya ami, mbona umebadilika rangi?" Mie! Nilivyo mweusi hivi!

Haya, sasa vuta kigoda ukae. Hiyo saratani mnayoitaja kwa kunong'ona kama jina la jini, mie ninayo. Ya tezi dume. Tangu mwaka jana. Usianze kulia, unatia maji karatasi.

Unajua mie nilivyo. Niliwahi kutoka Batha kule Riyadh mpaka Jidda bila kusimama, vumbi limefunga mbele hata boneti siioni, naendesha kwa kunusa tu. Wenzangu wa Batha mpaka leo wanalisimulia, na asiyelisimulia ana wivu. Basi mwaka jana tunatoka Riyadh kwa mama yake madam, tajiri wangu ninayemwendesha, njia ile ile, kila kituo cha mafuta nasimama. Nakimbia chooni, nakaa pale nasubiri kama mtu wa foleni, linatoka tone, la pili, halas. Nikirudi kwenye gari linaniita tena.

Madam akaniambia, "Ya ami, unakagua vyoo vya serikali?"

Tulivyozidi kusimama akashuka, akazunguka, akafungua mlango wangu. "Yalla, sogea huko." Siku hizi wanawake wanaendesha huku, umesikia, na huyu aliyemfundisha ni mie, kwenye kiwanja kitupu, alisaga klachi mpaka nikadhani kuna moto. Akanikalisha pembeni, akaendesha hadi Jidda, na kesho yake akanipeleka hospitali mwenyewe. Nitajie dereva mwingine Saudia nzima aliyeendeshwa na madam wake. Huna. Ila kona anakata vibaya, nimetoa shahada njia nzima. Na kurudi nyuma hajui mpaka leo. Kaniambia, "Wallahi ukifa kabla sijajua kuegesha, sikusamehi."

Daktari ni Msudani, mtu mzima. Wakanipima damu, wakanichoma vile vya kuchoma, sikuelezi vinaingilia wapi. Nilivyorudi kusikia majibu akaniambia usoni, "Mzee, hii ni saratani." Kwa jina lake. Nikamwambia, basi daktari, mie mtu mzima, niandikie nikafie kwetu. Unaona? Nilianza na ujinga wako huo huo.

Akavua miwani. "Nani kakwambia unakufa? Unaoga mwenyewe?"

"Naoga."

"Ngazi unapanda?"

"Napanda na mizigo ya madam begani."

"Majina ya watu unasahau?"

"Nawasahau ninaowadharau tu."

Akacheka, akasema hayo ndiyo anayoyatazama. Miaka iliyo kwenye ikama, kile kibali changu cha kukaa huku, anaisoma, lakini haimpi jibu lote. Wapo wa sitini miili yao haihimili dawa, wapo wa themanini wanahimili. Ipo saratani ya kukatwa, ipo ya sindano, ipo hata ya kukaa unaitazama tu, hasa hizi za uzee zinazotembea polepole. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwenyewe unataka nini?" Mie tangu nizaliwe, nilikuwa sijaulizwa hivyo na mtu aliyevaa koti. Nikamwambia nataka kuendesha gari na nataka kukojoa kama binadamu. Akasema hayo tutayatafuta.

Nikapigwa mionzi. Siku ya kwanza mashine ikazima, fundi anasema umeme, mie nasema iliniogopa. Na sindano bado nachomwa. Hizo sindano, Bakari, zinakausha ujogoo wote. Joto linanipanda kutoka tumboni mpaka utosini, nakaa mbele ya kiyoyozi najipepea na mkeka wa gari kama mama mkwe kwenye harusi. Suruali nyingine kwa unene nimeziaga. Na zipo siku nimekaa kwenye kile chumba changu nyuma ya gereji naogopa, naogopa hasa, na hakuna wa kumwambia isipokuwa mpishi Mfilipino ambaye Kiswahili mafi, hana hata neno. Namwambia hivyo hivyo, yeye anakata vitunguu, analia, mie naridhika. Hapo usiwasomee watoto.

Lakini naendesha. Na nakojoa.

Sasa najua ulimi wako ulivyo. Utasema, na wewe kaka si ulificha? Nilificha, ndiyo. Niliwaficha nyinyi. Mwenyewe nilikuwa najua. Mie ugonjwa wangu niliuweka mfukoni kwangu, wewe umeiba wa dada ukaweka kwako. Usinilinganishe.

Kwa vile simu ya dada umeikalia, juzi nimempigia yule jirani yenu wa maandazi. Nikamwambia nipelekee simu hiyo kwa dada, asikuone mtu. Akampelekea jikoni.

Nikamwambia, "Dada, hilo si jipu. Ni saratani. Na mie ninayo."

Nasikia kijiko kinazunguka kwenye sufuria, kinazunguka, hakisimami.

"Bakari anajua?"

"Anajua, dada."

"Na uji huu ninaokoroga ni wake."

Umesikia, mwanaume? Mtu aliyekwisha ndiye anayekupikia uji! Ndoo za maji kabeba mwenyewe asubuhi hiyo, jirani kaniambia. Ngazi ya darini anapanda kuanua nazi. Amekonda, kweli, na nani asingekonda, kila siku anaona watu wanamtazama kifuani kisha wanatazama ukuta? Alidhani kuna aibu kafanya. Kaniambia hivyo, Bakari. Alidhani mmemkasirikia.

Kisha akaniuliza, "Wakilitoa, kanga nitafungaje?"

Mie niliyefundisha madam gari, kanga ilinishinda. Nikamwambia dada, sijui.

"Basi nitafunga begani kama Mmasai," akasema. "Litaniuma?"

"Litauma. Ila watakupa dawa."

"Nitapona?"

Hapo ningeweza kumdanganya, uongo ninao mwingi, unanijua. Nikamwambia hilo nalo sijui, dada, lazima daktari akupime kwanza, aone limefika wapi, aone na moyo wako, akwambie lipi linawezekana kwa mtu wa umri wako. Akasema, "Sawa. Niite nani anipeleke?" Nikakutaja wewe. Alicheka, lakini si kicheko kizuri.

Kwa hiyo sikiliza, na hapa sina utani. Jumatano, basi la alfajiri la Dar. Mkoba wake kashaupanga. Kazi yako ni kuubeba. Mkifika, daktari akiuliza jambo usitie mdomo wako, dada ana wake, na unauzidi wako. Usimwambie daktari "huyu ni mzee." Analiona hilo. Akiambiwa kila kitu akaamua mwenyewe kwamba kisu hataki, anataka dawa ya maumivu na kitanda chake, nitanyamaza, na kunyamaza kwangu hujapata kukuona. Akiamua wakate, utakaa nje ya mlango mpaka atoke. Lakini maneno yatoke kinywani mwake. Asubuhi hiyo hiyo nitampigia jirani, na nikisikia umelala nyumbani, mie si kaka yako, na madam kashaniruhusu kuja. Nitakuja na sindano zangu nikutafute barazani.

Nisalimie shemeji, mwambie asikukingie kifua. Nisalimie binti yako wa kwanza, yule mkunga, umwulize mbona hata yeye hamkumuita kwenye kikao. Nisalimie shangazi mwenye macho mabovu, na wale wazee watatu wa barazani kwako, hao waambie kahawa ya siku hiyo naona ilikuwa chungu. Jirani wa maandazi usimsalimie, usimguse, usimtazame vibaya. Dada simtumii salamu kwako, nitampa mwenyewe.

Ni mie kaka yako, mgonjwa anayejua anaumwa nini,

Athumani