Foronya Yenye Matundu Mawili

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na mapacha, na mama pia kama bado yuko hapo kwako. Vipi mgongo wako? Na yule pacha mdogo, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ingawa usingizi umenikimbia na chakula nakiona kama udongo. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, tena peke yako. Ndiyo maana sikupiga simu. Wewe simu lazima uiweke sauti kubwa, watoto wasikie kila kitu, na kesho yake darasa zima linajua.

Barua yako niliipata. Swali uliloniuliza nimeliona, na nitalifikia. Nivumilie kwanza nikueleze yaliyotokea kazini, maana bila hayo jibu langu halitaeleweka.

Unapajua pale kwa dobi ninapofanya kazi. Mbele kuna kaunta, nyuma mashine za kufulia, na meza yangu ya pasi iko pembeni karibu na dirisha. Bosi wetu ni yule mama mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye hawezi kutoa nguo bila risiti hata kwa baba yake mzazi. Basi juzi mchana, joto limetulegeza, wakaingia wanaume wawili.

Wa kwanza alikuwa amevaa kichwani soksi ndefu ya kike, lakini ile nzito ya baridi, kwa hiyo alikuwa haoni kitu. Alijigonga kwenye kaunta, kisha akaiomba radhi. Wa pili alikuwa amevaa foronya iliyotobolewa matundu mawili ya macho. Aliyeyatoboa hakupima. Yalikuwa mbalimbali mno, ikambidi achague jicho moja la kutazamia, na kila alipotaka kuangalia upande wa pili aliivuta foronya kama mtu anayerekebisha kilemba.

Mwenye soksi alishika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Akapiga kelele kwamba ana bunduki, tuinue mikono. Alipokielekeza kwa bosi alikiminya, na kile kitu kikatoa pumzi: fyuuu. Ilikuwa pampu ya baiskeli. Dada, hakuna aliyecheka. Leo naandika naona kichekesho, lakini wakati ule nilianza kusali. Nilikuwa nimeinua mikono na pasi ya moto bado iko mkononi. Yule wa foronya akaniambia niiweke chini nisije nikajiunguza. Nikaiweka.

Wakaifungua droo ya kaunta. Ndani mlikuwa na vifungo, pini na uzi. Mwenye soksi akauliza pesa ziko wapi. Bosi akamwambia kwamba wateja siku hizi wanalipa kwa simu. Akaitaka simu. Bosi akajibu kwamba imeisha chaji. Yule mtu akabaki ameduwaa, kama mgeni aliyekosea nyumba, halafu akakwapua furushi lililokuwa juu ya rafu.

Bosi akanguruma: "Risiti iko wapi?"

Nakuapia, yule mwizi alisimama. Alianza kujipapasa mifukoni, mpaka mwenzake alipomvuta shati. Mlango wetu umeandikwa VUTA kwa herufi kubwa, lakini wao waliusukuma, wakausukuma tena kwa mabega, wakarudi nyuma wauparamie, hadi bosi mwenyewe akachoka kuwatazama, akasema, "Jamani, vuteni!" Wakashukuru, wakatoka. Tukawaona dirishani wakiikokota pikipiki nyekundu kwa miguu, kwa sababu ufunguo wake ulikuwa umedondoka chini ya meza yangu ya pasi.

Sasa lile furushi. Ndani yake mlikuwa na sare za polisi wa kituo cha jirani, ambazo nilikuwa nimezipiga pasi asubuhi hiyohiyo.

Kabla hatujafunga siku ile, mtu akapiga hodi dukani. Mrefu, kofia mkononi, mpole kabisa. Akauliza kama kuna mtu ameokota ufunguo. Bosi akamuuliza, "Wa pikipiki nyekundu?" Naye akafurahi: "Huohuo, mama, asante sana!" Sauti ilikuwa ileile ya soksi. Bosi hakupepesa macho. Alimkaribisha kiti, akamletea maji ya baridi, akafunga mlango kwa nje na kwenda kuwaita wenye sare zao. Walipofika, yule bwana alikuwa ameomba bilauri ya pili, na mimi ndiye niliyekuwa ndani naye nikimmiminia. Nikamwaga nusu mezani. Akaniambia nisijali. Anajulikana kwa jina la Kamanda, kumbe, ingawa hajawahi kuamuru hata kuku.

Nchi nzima ingekuwa imecheka yakaisha. Lakini koplo aliyekuja kutuhoji hakucheka. Bosi alimweleza kwamba yule wa pili, wa foronya, aliongea na mimi kwa upole, kama mtu na ndugu yake. Koplo akanigeukia, akaniuliza ni mwizi gani anayehofia mtu asiungue. Nikasema labda ana huruma. Akaniuliza alitamka maneno gani hasa. Nikasema alisema, "Mama, weka pasi chini." Akaniambia nisisafiri. Palepale bosi akaihamisha meza yangu karibu na kaunta, anione vizuri, na kwaheri yake ikawa fupi. Hadi tunafunga, kila gari lililosimama nje, moyo wangu ulisimama nalo. Kamanda naye ni mtu asiyeweza kunyamaza, kwa hiyo nilijua kwamba wakimwacha aongee vya kutosha atamtaja mwenzake bila hata kuulizwa.

Dada, sasa nilifikie swali lako.

Uliniuliza kama nimemwona baba mapacha, kwa sababu simu zake zimekuwa fupi na hasemi lori limempeleka wapi. Nimemwona. Nilimdanganya koplo. Yule wa foronya hakuniita mama. Alisema, "Shemeji, weka pasi chini, utajiunguza." Lilimtoka tu mdomoni, kwa mazoea, na nadhani hata yeye mwenyewe hakulisikia. Lakini mimi nililisikia, na sauti ile nimeijua tangu siku alipokuja kukuposa, akamkanyaga babu mguu.

Pumzika kidogo, kisha endelea kusoma.

Jioni ya siku ileile ya wizi alinigongea, amevaa suruali na shati la polisi, mikono ya shati imeishia kwenye viwiko. Jirani yangu alikuwa anaanua nguo. Kabla sijafungua mlango, mtaa mzima ulikwishajua kwamba polisi wamenifuata nyumbani. Nikamvuta ndani. Alikaa kwenye ndoo niliyoigeuza, maana kiti changu kimoja nilikuwa nimekikalia mimi. Akalia. Sijawahi kumwona mumeo akilia.

Kazi ya lori hana tena. Kampuni iliuza magari tangu mwanzo wa mvua, ikawaaga madereva wote. Alishindwa kukuambia. Kila siku alisema kesho atapata nyingine ndipo akueleze zote mbili pamoja, ile iliyokufa na ile mpya, na hiyo mpya haikuja. Akawa analala kwa Kamanda, anashinda kwenye gereji za wenye magari akiomba hata kuosha. Kamanda ndiye aliyemwambia kwamba kwa dobi kuna pesa na hakuna mlinzi. Hakumwambia ni kwa dobi yupi. Ndani ya foronya hakukiona hata kibao cha mlangoni. Alinitambua mimi alipouona uso wangu na pasi.

Walipolifungua furushi kwenye uchochoro, Kamanda aliona ni bahati. Akasema wakivaa sare hakuna atakayewasimamisha. Wakavaa. Hawakufika mbali. Pale makutano taa zilikuwa zimezimika, malori mawili yameumana pua kwa pua, na nyuma yake gari la wagonjwa linalia. Watu walipowaona wakawarukia: "Afande, tusaidie!" Kamanda akatoweka palepale. Shemeji yangu naye akasukumwa hadi katikati ya barabara.

Hapa alipokuwa akinisimulia, dada, machozi yalikauka. Alisema kwamba aliinua mkono mmoja kwa woga, na gari likasimama. Akainua wa pili, na lile jingine likasimama pia. Malori anayajua, si unamjua? Akamwelekeza dereva wa kwanza arudi nyuma taratibu, akate usukani, apande ukingo. Gari la wagonjwa likapita, na muuguzi akampungia mkono. Akasahau kabisa kwamba ni mwizi. Aliendelea kuongoza magari mpaka trafiki wa kweli alipofika, akampigia saluti, kisha shemeji akateremsha macho na kuona amevaa ndala, na foronya inaning'inia mfukoni. Ndipo alipokimbia.

Nilimwambia kwamba siwezi kumficha. Chumba changu ni kimoja, na uongo mmoja niliomwambia koplo ulitosha. Akaniomba nikuandikie kwamba ni mgonjwa. Nikakataa. Nikamtandikia chini, mimi nikakaa kitandani na nguo zangu za mchana hadi kukakucha. Asubuhi akaniuliza kama nina sabuni. Akaifua ile sare mwenyewe, mimi nikaipiga pasi, tukangoja ikauke vizuri mifukoni, kisha tukaenda kituoni, yeye ameibeba mikononi kama mtoto mchanga.

Koplo alikuwepo. Nikazungumza kabla miguu haijanigeuza. Nikamwambia neno lenyewe, na kwamba nilimdanganya. Akauliza shemeji wa nani. Nikasema wangu, nikamwonyesha aliyebeba sare. Trafiki mmoja aliyekuwa akinywa chai akasimama na kusema, "Huyu ndiye aliyefungua makutano!" akampa mkono, na baada ya hapo huyohuyo akampeleka mahabusu. Mimi nikaambiwa siendi popote hadi apatikane mtu wa kunidhamini. Nikakaa kwenye benchi, sina wa kumwita, nikifikiria nani atakuletea habari.

Aliyekuja ni bosi. Nilimsikia kabla sijamwona. Akanisainia, akanikokota nje, na barabarani akaniambia kwamba alilisikia neno "shemeji" tangu siku ile, vizuri kabisa, akamficha koplo ili aone kama nitalisema mwenyewe. Akaniambia pia kwamba meza yangu imerudi dirishani, na nikichelewa kesho atanikata mshahara.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Kesi yao itasomwa wiki ijayo, ya wote wawili. Koplo anasema kwamba kujisalimisha kutahesabiwa, lakini hakuahidi chochote, na mimi mwenyewe bado sijui watanifanya nini kwa uongo wangu. Sitaki kukupa matumaini ambayo sina.

Leo mchana nilimpelekea shati safi. Hakuuliza habari za hakimu wala za mwanasheria. Alishika nondo za dirisha, akaniuliza kama utakuja. Sikumjibu, dada, kwa sababu jibu hilo si langu.

Barua hii inakuja kwa mkono wa fundi cherehani wa jirani, anasafiri alfajiri. Atakungoja uisome, na ukiwa na la kumtuma utamtuma. Wabusu mapacha kwa niaba yangu, na kama mama yuko hapo, mwambie tu kwamba nimekonda kidogo. Kitanda changu kinatosha wawili tukibanana kama zamani.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Wa mwisho kuzaliwa.