Kuulizwa Habari Ibra

Mjini Ibra, Ijumaa usiku

Sikukwama. Wazee wa binti tuliyekwenda kumposa, Waarabu wa hapa, waliponiuliza habari za njiani, kwa Kiarabu na kwa utaratibu wao, nilijibu mpaka mwisho kama desturi inavyotaka: hakuna jipya, ni kheri tupu. Ndipo nikamposea mpwa wangu, nao wakaridhia.

Nilihofia wangetuona wageni, sisi Waarabu tuliolelewa Unguja. Kujisemea peke yangu mbele ya kioo hakukunisaidia. Nikajitungia njia yangu: kila alfajiri mke wangu Salma alikaa kama mwenyeji akaniuliza, na hakunimiminia kahawa mpaka nijibu bila kutazama chini.

Garini, tukirudi, Salma alicheka. "Baba Nasra, mwandishi wa habari mzima, miezi yote hii unajifunza kusema hakuna habari."

Nikacheka naye tu. Kwa leo nimejibu vya kutosha.