Mbona Mashine Inaharibika Zamu Yake Tu?

Mpendwa Shangazi, nakuandikia nikiwa nimefika mwisho, naomba unishike mkono. Mume wangu ni fundi wa mashine za picha hospitalini, hasa ile kubwa ya kupiga picha za kichwa, na mimi sikuwa na neno na kazi yake mpaka alipokuja dada mmoja mpiga picha, maana tangu aje mashine inaharibika zamu yake tu, wenzake wakiingia inafanya kazi kama kawaida, na kila ikizimika anapigiwa mume wangu, hata kama yuko mezani anaacha sahani anaondoka, akirudi namuuliza ilikuwa na nini, ananijibu, "Ilipata joto tu," sasa joto gani hilo linalochagua mtu? Majirani wananicheka chinichini, na lisemwalo lipo. Juzi nikampelekea chakula kazini, nikamkuta huyo dada amevaa sweta langu, lile nililolitafuta nyumba nzima, nikamuuliza mume wangu, akasema, "Mwenzio anasikia baridi mle ndani." Baridi, na sisi huku tunalala madirisha wazi! Basi Jumamosi simu yake ikaita akiwa bafuni, nikaona ni huyo huyo, nikaizima kabisa, mpaka leo anadhani iliisha chaji. Je, nikamvue sweta langu mbele za watu, au nirudi kwetu?

Mke Asiyepata Usingizi

Mwanangu, pole. Kuona nguo yako mwilini mwa mwanamke mwingine kunauma, na mumeo alikosa adabu kuitoa bila kukuomba. Hapo niko upande wako.

Lakini usilolijua ni kama usiku wa kiza. Nimemuuliza mtu anayezijua mashine hizo, akacheka. Chumba cha mashine hiyo lazima kiwe na baridi muda wote. Mgeni asiyezoea akianza kutetemeka anazima kiyoyozi, mashine inapata joto, inajizima. Inaelekea mumeo alitaka dada ajifunike, aache kugusa kiyoyozi. Simwiti malaika, simjui. Mkalishe umuulize, na sweta lako alirudishe.

Ila sasa nakushuku wewe. Sweta umelieleza, majirani umewaeleza, simu ya Jumamosi umeipitia mbiombio. Hivi nani anapigwa picha ya kichwa kwa kujifurahisha? Huenda huyo dada alikuwa na mgonjwa kitandani, labda kaanguka, labda kagongwa, na ndugu zake mlangoni wanaambiwa fundi hapatikani.

Usirudi kwenu, wala usiende kumvua mtu nguo. Mwambie mumeo leo hii kwamba ni wewe uliyeizima. Atafoka, vumilia. Kisha mwombe akuulizie yule mgonjwa alipelekwa hospitali gani, na kama alifika.