Kapteni Haendi Popote

Soliera,
Bonde la Pellice.
14 Septemba 1747

Mpendwa Kaka Eliseo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Hujambo wewe, wifi na watoto? Kifua bado kinakusumbua na baridi ya huko Ujerumani? Sisi wazima, ila goti langu tu ndilo halisikii dawa.

Najua umesikia kwamba mpwa wako Jaco alitekwa na Wafaransa. Ni kweli, yeye na vijana wenzake kumi na watatu wa hapa kijijini. Lakini tulia kwanza nikueleze.

Wiki ile ile nilimkuta kapteni wa Kifaransa zizini mwangu, kateguka mguu. Nikamwelekezea uma wa nyasi. Akanikabidhi upanga wake, akaapa kwa heshima yake kwamba hatavuka kizingiti changu mpaka nimruhusu mwenyewe. Basi nikamlaza jikoni, nikamlisha ugali wa mahindi na jibini kama tulavyo sote.

Kaka, unaijua desturi ya vita hivi: kapteni hubadilishwa kwa kapteni mwenzake, au kwa kundi la askari wa kawaida kama wanetu. Kanali wetu akachagua la kwanza, maana mpwa wake naye ni kapteni, na yuko kifungoni kule kule. Wanetu hakuwataja hata kwa bahati mbaya. Akaja na mpiga ngoma na bendera nyeupe, kama ilivyo desturi ya kubadilishana mateka, kumchukua mgeni wangu.

Nikasimama mlangoni. Nikamwambia huyu haendi popote mpaka vijana wetu warudi. Kanali akacheka, akauliza tangu lini mwanamke anayenuka mbuzi akapokea kiapo cha ofisa.

Kapteni akajibu kutoka jikoni, "Tangu aliponinyang'anya upanga. Nimempa neno langu, bwana. Siwezi kutoka."

Usidhani alifurahi. Kanali alipoondoka amefura, yule kapteni kijana alinisihi kweli kweli. Mkewe ni mjamzito. "Mama, sema neno moja tu niende nyumbani." Roho iliniuma, sikufichi.

Nikamwambia, "Na mimi nina mwana. Mwandikie jenerali wako, umwombe wangu na wenzake."

Akaandika huku amenuna. Jenerali wake akakubali, na juzi mpiga ngoma wa Kifaransa akatokea darajani. Nyuma yake walikuja wanetu wote, wamekonda, Jaco hana viatu. Nililia mbele za watu bila haya. Kisha nikamrudishia kapteni upanga wake, na jibini la kumpelekea mkewe. Aliniinamia, eti mimi!

Sasa kanali ameniita mjini Jumatatu, nikajieleze kwa nini nilimharibia mapatano yake. Majirani wananishauri nikimbilie kwako. Thubutu! Nikimbie nyumba yangu kwa sababu ya mtu aliyewasahau wanetu? Akinifunga, anifunge. Nitamwambia usoni kwamba mpwa wake naye ana mama, na huyo mama angefanya kama mimi.

Nisalimie wifi Susana na shangazi Judit, na umbusu mtoto wenu mdogo ambaye sijamwona bado. Mungu awatunze huko ugenini, na atupe sote uzima wa kuonana tena.

Goti litanisumbua njiani, lakini usihofu. Atakayeniongozea nyumbu Jumatatu ni Jaco.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Katalina