Farasi Aliyebaki Barabarani

Mpendwa mdogo wangu Arlene,

Salamu zangu zikufikie wewe na shemeji Orville huko Ohio, na zikukute lile bega lako limekubali kuinuka tena. Mimi huku Pennsylvania kwa binti yangu Janelle sijambo. Goti langu jipya linakunja bila kelele, na chakula kinapita. Juzi nilimaliza pai nzima ya molasi mwanangu akiwa bustanini, nikamwambia labda ni paka. Hawana paka.

Nashika kalamu kwa sababu nimekasirika, Arlene, na sijui nimkasirikie nani. Nikusimulie kwa utaratibu, ingawa utaratibu si kipaji changu.

Unajua kwamba Janelle anamfundishia Willa nyumbani. Mtoto ana miaka saba, hajawahi kukanyaga darasa. Tangu Februari Janelle anafanya kazi asubuhi tatu kwa wiki kwa daktari wa mifugo, kwa hiyo akahitaji mtu wa kushika somo la kusimulia. Somo lenyewe utacheka. Mkubwa anasoma hadithi kutoka kitabuni, mara moja tu, kisha mtoto anairudia kwa maneno yake mwenyewe, na mkubwa anaandika kila neno kwenye daftari jinsi lilivyotoka. Basi. Hakuna maswali, hakuna mtihani. Janelle anasema ndivyo akili ya mtoto inavyojifunza kutafuna yenyewe badala ya kutafuniwa.

Nikamwambia, mwanangu, umefika kwa bingwa. Miaka thelathini na nane nimeendesha lori la magurudumu kumi na nane, na hakuna kituo cha mafuta kutoka Maine hadi California ambako sijawahi kuwafanya watu waache mayai yao yapoe wakinisikiliza. Shule niliiacha na miaka kumi na sita, lakini hadithi? Niachie mimi. Janelle akaenda akabandika karatasi ya masharti kwenye friji. Soma mara moja. Usiulize. Usiongeze. La nne alilipigia mstari mara mbili: Usimkatize. Nikaiita Katiba, tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Siku ya kwanza nikasoma hadithi ya mzee mwenye kinu cha maji. Anarudi nyumbani na mvua, anafika darajani, farasi anayevuta mkokoteni wake anagoma kuvuka. Anamtukana, anamchapa, farasi hatingishiki. Mzee analala chini ya mkokoteni na hasira zake, na asubuhi anakuta katikati ya daraja hakuna kitu, mto umepita nalo. Hadithi nzuri, na niliisoma vizuri, ingawa maneno mengine ya kizamani yalinikaba kooni. Nikafunga kitabu, nikashika penseli, nikamwambia haya mjukuu wangu, mwaga.

Willa akatazama dirishani kwa muda wa kuchemsha yai. Kisha akasema, "Kulikuwa na farasi. Hakutaka."

Nikangoja. Nakuapia nilingoja, labda hata nusu dakika. Nikamuuliza hakutaka nini? Akasema kuvuka. Kuvuka wapi? Akafungua mdomo, na hapo mimi nikashindwa. Mtoto wa damu yangu, hadithi ina mvua, ina mjeledi, ina mto, naye ananipa maneno manne! Nikamwambia ngoja, ngoja nikuonyeshe, nikainuka na goti langu nikamsimulia mimi, na nilipofika darajani nikakumbuka lile daraja la Tennessee nililovuka na tani ishirini za viazi, nikamwongezea na hilo. Alinisikiliza vizuri sana. Daftarini yakabaki maneno manne.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mbweha aliyeiba kengele: "Mbweha aliiba." Mjane na mbuzi watatu: "Walikuwa watatu." Nikambembeleza, nikamtania, nikamwambia hata kasuku wa kinyozi wangu ana maneno mengi kuliko yeye. Akaniambia kasuku hasomewi na Babu. Mtoto huyo, Arlene, kwa majibu ya mkato hana mpinzani, lakini mwambie asimulie, anakuwa gogo. Nilikuwa natoka pale jikoni nimelowa jasho kama nimepakua mzigo kwa mikono.

Na haikuwa mchezo. Curtis, mkwe wangu, hakupenda tangu mwanzo mtoto asomee nyumbani. Walikuwa wamekubaliana yeye na Janelle hivi: mwezi Juni atakuja mkaguzi, kama sheria ya hapa inavyotaka, apekue faili la mwaka mzima na azungumze na mtoto. Mkaguzi akiridhika, Willa anaendelea na mama yake. Asiporidhika, Septemba mtoto anapanda basi la njano la shule na hakuna mjadala tena. Janelle amejitolea roho yake kwa jambo hili. Na kila jioni alikuwa anafungua lile daftari, anasoma "Mbweha aliiba", analifunga taratibu, haniambii neno. Ningeona afadhali anitukane.

Basi mwezi Machi nikamsaidia. Nilianza kidogo tu. Willa akisema "mbuzi walikuwa watatu", mimi naandika walikuwa watatu, weupe wawili na mweusi mmoja. Kesho yake nikaweka na jina la mjane. Baada ya wiki mbili nilikuwa naandika kurasa tatu kwa mkupuo, mtoto keshaenda zake kuchezea maji ya kuku. Ile ya farasi nikaiandika upya yote. Nakiri kwamba nilikuwa nafurahi. Sijawahi kuandika kitu kikasomwa na mtu zaidi ya risiti.

Janelle alisoma akalia. Akamsomea Curtis mezani, na Curtis akaweka uma chini, akasema, "Huyu ni mwanangu kweli?" Wakampigia makofi. Willa akatazama viazi vyake, kisha akanitazama mimi. Nikamkonyeza. Hakunikonyeza.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema siku yoyote, Aprili yote, Mei yote. Badala yake nilizidi kumkasirikia mtoto, kwamba kwa nini asijifunze haraka anifikie, uwongo uwe kweli. Waliosema mdomo uliponza kichwa walisahau mkono wenye penseli.

Mkaguzi akaja Jumanne iliyopita. Bi Hostetter, mwalimu mstaafu, mwembamba kama ufagio, miwani shingoni. Tukakaa jikoni sote. Curtis aliomba ruhusa kazini ili ashuhudie. Bibi akapekua hesabu, akapekua michoro, akaridhika. Akafika kwenye daftari. Akasoma kimya, akaanza kutabasamu, akasoma kwa sauti pale ambapo breki za mkokoteni zinashika moto kwenye mteremko na mwenye kinu ananusa mpira ukiungua. Akavua miwani. Akasema hajapata kuona mtoto wa miaka saba anayejua breki namna hii. Mimi nikatazama dari.

Kisha akamgeukia Willa kwa upole, akamwambia amsimulie hadithi yoyote anayoipenda, aanze anapotaka, amalize anapotaka.

Saa ya ukutani inagonga, Janelle amekamata ukingo wa meza. Arlene, ulimi wangu ulikuwa unaniwasha kama umepakwa pilipili. Nikasema, mwambie ile ya farasi, mjukuu wangu, si unakumbuka, mvua ilikuwa... Bi Hostetter akainua penseli yake bila hata kunitazama. "Mzee, wewe nitakusikiliza ukifikisha miaka saba." Curtis akacheka kwa pua. Nikanyamaza.

Na Willa akasema, "Palikuwa na Babu."

Akasimulia, nami nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka. Babu anaweka vijiko vitatu vya sukari kwenye kahawa halafu anafuta kijiko ili Mama asijue. Babu anasoma akifuata kwa kidole gumba, na neno gumu likija anakohoa na kuliruka. Kisha Babu anasema mwaga, na mimi nasema kulikuwa na farasi, na Babu anasema ngoja, ngoja. Hapo akaniigiza, Arlene, goti na yote, mpaka Bi Hostetter akajifuta macho. Kisha Babu anakwenda Tennessee na viazi vyake, anachelewa kurudi, na akirudi amefurahi, anaandika yeye, na mimi naenda kwa kuku. Lakini farasi wangu bado yuko barabarani, kwa sababu nilikuwa sijafika darajani.

Akavuta pumzi, akamchukua farasi wake kutoka pale alipomwacha mwezi Februari, akamfikisha. Mvua, mjeledi, matusi, mkokoteni, daraja lililokatika, yote, kwa mpangilio, baada ya kusomewa mara moja miezi minne nyuma. Hata ile asubuhi mzee anapomwomba farasi msamaha kwa tofaa, ambayo mimi nilikuwa nimeisahau. Dakika kumi na tano kwa saa ya jikoni.

Bi Hostetter akachana kurasa zangu kutoka kwenye daftari, akanikabidhi, akasema hizi ni zako, zihifadhi. Kisha akatia sahihi. Willa anabaki na mama yake, na Curtis ameridhika mwenyewe. Aliniambia tu, "Kwa hiyo Baba, miezi mitatu nimekupigia wewe makofi?" Nikamwambia na bado namdai mengine.

Lakini Janelle hakucheka. Alikwenda kwenye sinki akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikamfuata kumwomba radhi, nikaanza kueleza, nikaeleza na kueleza, mpaka akafunga bomba. Akasema, "Baba, sharti la nne sikuliandika kwa ajili ya wageni. Nimekulia nyumbani kwako. Niliongea na paka wa jirani kwa sababu yeye alikuwa anangoja."

Nimetembea nalo hilo neno siku nne sasa. Hasira niliyokuambia ni hiyo.

Na ndipo nilipofika kwako, Arlene. Kila sikukuu, kila msiba, tangu tukiwa vijana, mimi ndiye ninayesimulia ile siku mto ulipoingia nyumbani, wewe na Mama mkakaa juu ya paa la banda. Nimewaliza watu kwa hadithi hiyo. Nimeweka mbwa anayeogelea, nimeweka kengele ya kanisa. Na wewe unakaa pale pembeni, unagawa saladi ya viazi, umenyamaza. Mdogo wangu, mimi siku ile nilikuwa Nebraska na mzigo wa majokofu. Sikuwepo. Wewe ulikuwepo, una miaka kumi na moja, na mimi sijawahi kukuuliza hata siku moja ilikuwaje. Hata kama palikuwa na mbwa sijui. Nisamehe.

Nakuomba uniandikie. Usipige simu, kwenye simu nitakukatiza, unanijua. Anza unapotaka.

Msalimie sana shemeji Orville na wote wanaoniulizia. Janelle, Curtis na Willa wanawasalimu. Ndani ya bahasha nimekuwekea stempu ishirini, kwa sababu hadithi yenyewe sijui ina urefu gani.

Ni mimi kaka yako,
Delmar